Mradi wa mtaani kwenu ni wa nani, na pesa zake hutoka wapi?

Dhana: Barabara zote za Nairobi ni za gavana.

Ukweli: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Kaunti ikapewa barabara zake, taa za mitaani, maegesho na mitaro ya maji ya mvua mjini. Ndiyo maana Thika Road iko chini ya KeNHA na Outer Ring ilijengwa na KURA, mamlaka mbili za barabara za serikali ya kitaifa, ilhali vichochoro vingi vya Kayole na Kawangware ni mzigo wa City Hall, makao makuu ya kaunti. Majengo nayo ni hivyo hivyo. Chekechea ni ya kaunti, sekondari ni ya serikali ya kitaifa, na darasa jipya la sekondari mara nyingi huwa na bango la NG-CDF, yaani fedha za eneobunge. Hospitali za Pumwani na Mama Lucy ni za kaunti, ile ya Kenyatta si yake. Ukimbana mwakilishi wadi wako kwa shimo la Outer Ring, unambana asiye na fungu la kuliziba.

Dhana: Mradi ukishasomwa kwenye bajeti, pesa zipo.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayotuumiza zaidi. Bajeti ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa si fedha mkononi. Kaunti hutegemea zaidi mgao wa Hazina ya Kitaifa (Katiba inataka kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa) na makusanyo yake yenyewe: kodi ya ardhi, maegesho, leseni za biashara, vibali vya ujenzi. Nairobi imekosa kufikia shabaha ya makusanyo hayo kwa miaka mingi, na mgao nao huchelewa. Pesa zikipungua, mishahara hulipwa kwanza, ujenzi hungoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, lakini kutengewa ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine.

Hata fedha zikifika, hazitoki kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30 kabla hazijatumika, ruhusa inakoma, na mradi sharti uidhinishwe tena katika bajeti mpya. Mkandarasi anaondoa mashine, nasi tunasema ametoroka na hela zetu. Wizi upo, na wezi washtakiwe. Ila mara nyingi huyo mkandarasi ndiye anayeidai kaunti, na kwa muda mrefu Nairobi imeongoza kaunti zote kwa bili zisizolipwa.

Dhana: Maoni ya wananchi hutolewa Juni.

Ukweli: Juni ni kuchelewa. Kila miaka mitano kaunti huandika Mpango Jumuishi wa Maendeleo, na mradi usiokuwa humo ni vigumu kuupigania baadaye. Mpango wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Kufikia Februari 28 unawasilishwa mkakati wa fedha unaowekea kila idara kikomo chake, kisha makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Kina mama wa Mukuru wanaotaka zahanati wanapaswa kusikika kabla ya Septemba, maana baada ya Februari watakuwa wanagombania fungu ambalo idara nyingine imeshapewa.

Dhana: Kaunti ikikwama inaweza tu kukopa.

Ukweli: Haiwezi bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge lake.

Dhana: Mwananchi wa kawaida hawezi kuona mkataba wa mradi.

Ukweli: Haki ya kupata habari iko katika Kifungu cha 35 cha Katiba. Andika barua au barua pepe kwa idara husika, taja mradi na wadi, uulize jina la mkandarasi, bei ya mkataba, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kukamilika. Kwa kawaida, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo haitozi ada.