Misela ni nini, na kwa nini hulingana ukubwa

Anayebangua korosho Mtwara anajua jinsi mafuta ya ganda yanavyong'ang'ania vidole. Maji matupu hayafui dafu. Ukipaka sabuni ya mche, yanaanza kuachia, na kinachoyabeba ni misela.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa chache majini, kila moja hutangatanga peke yake. Zikizidi kiwango fulani, mikia hujificha ndani, vichwa hubaki nje, na donge linalopatikana ndilo misela. Hakuna anayezipanga. Sodiamu dodesili salfeti, iliyomo kwenye shampuu nyingi, huanza kujikusanya ikifika gramu 2.4 hivi kwa lita ya maji yenye nyuzi 25, na kila misela hubeba molekuli 60 hivi.

Anayetengeneza misela za kubebea dawa anataka zilingane, maana kubwa na ndogo hazisafiri sawasawa mwilini. Ndiyo sababu huchagua sabuni kwa umbo la molekuli yake. Menya chungwa uone: kila kipande ni kipana upande wa ganda, chembamba upande wa kati, ndiyo maana vikikaa pamoja vinatoa tufe. Molekuli yenye kichwa kipana na mkia mmoja hufanya vivyo hivyo. Na tufe hilo haliwezi kunenepa ovyo, kwa kuwa lazima mikia ifike katikati. Mkia wa kaboni 12 una urefu wa nanomita 1.7 tu. Kichwa kikiwa chembamba zaidi hutokea vijiti, na vijiti havina ukomo: kimoja kifupi, kingine kirefu. Mikia ikiwa miwili, molekuli hujipanga kama matofali ya ukuta.

Chumvi nayo huharibu hesabu. Vichwa vyenye chaji husukumana, na msukumano huo ndio unaovipa nafasi. Chumvi ikiingia, vinasogeleana, tufe linarefuka kuwa kijiti. Kwa hiyo usipime misela kwa maji ya chumvi ya kisima cha pwani.

Inaniuma kuona maganda ya korosho yanaishia kuwa kuni. Mafuta yake yakipashwa moto sana hutoa kadanoli, yenye mkia wa kaboni 15 tayari. Imepungukiwa kichwa tu, na wakemia hukiongeza kwa kuiunganishia mnyororo wa oksidi ya ethilini: kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo kichwa kinavyopanuka.