Picha safi ya CT haithibitishi kuwa umepona

Mtu akianguka na pikipiki, akapigwa picha ya CT ya kichwa (eksirei ya kompyuta) na isionyeshe kitu, wengi husema: ubongo mzima, arudi kazini. Imani hiyo ni ya miaka mingi, na inawaumiza watu.

CT hutafuta damu iliyovujia ndani, uvimbe na mfupa uliovunjika. Kwa dharura ni kipimo muhimu mno. Lakini mtikisiko wa ubongo mara nyingi huvuruga utendaji wa seli bila kuacha alama ambayo CT inaweza kuiona. Seli hizo zikijeruhiwa, protini zake huingia kwenye damu, zikiwemo GFAP na UCH-L1. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha protini hizo mbili ili kisaidie kuamua ni mtu mzima gani anahitaji CT. Utafiti wa TRACK-TBI kuhusu majeraha ya ubongo, wa hukohuko Marekani, ulikuta kwamba baadhi ya wagonjwa wenye CT safi walikuwa na majeraha yaliyoonekana kwenye MRI, yaani picha ya sumaku, na GFAP yao ilikuwa juu.

Hata hivyo, damu nayo haitabiri kila kitu. Katika matokeo ya utafiti huo ya mwaka 2022, protini hizo zikipimwa siku ya ajali zilibashiri vizuri kifo na ulemavu mkubwa kufikia miezi 6. Hazikubashiri vizuri nani angepona nusunusu, na hao ndio wanaoambiwa wanajidekeza. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu au usahaulifu ukiendelea kwa wiki kadhaa, rudi kwa daktari, hata kama majibu yote yalikuwa safi.