Vakyumu haivuti ubongo wa mtoto

"Huyu alivutwa na mashine, ndiyo maana darasani ni mzito." Nimechoka kuisikia kauli hii, na mara nyingi huitoa bibi wa mtoto huku mama mwenyewe kainamisha kichwa.

Vakyumu ni mashine ya kunyonya hewa inayosaidia kumvuta mtoto wakati wa kuzaliwa. Kikombe chake hunata kwenye ngozi ya kichwa. Chini yake kuna fuvu, na ubongo umo ndani ya fuvu. Utanyonywa kupitia wapi? Uchungu unapokuja na mama anaposukuma, ndipo tunavuta. Ukipoa, tunatulia. Mivuto kama mitatu ikipita kichwa hakishuki, tunaacha na kwenda kwenye upasuaji. Uvimbe unaobaki pale kikombe kilipokaa ni maji ya ngozini, nao hunywea ndani ya siku moja au mbili. Upo mwingine wa damu iliyojikusanya juu ya mfupa. Huo huchukua wiki kadhaa, na mtoto anaweza kupata umanjano. Msiukande kwa maji ya moto, wala msiutoboe! Wa kuogopa ni ule unaozidi kutanuka hadi masikioni au shingoni huku mtoto akipauka. Ni nadra, lakini ni dharura. Ndiyo sababu tunarudi kukagua kichwa kila mara, na ndiyo sababu mtoto wa mimba ya chini ya wiki 34 hatumwekei kikombe.

Mara nyingi mtoto anayevutwa tayari amechoka, mapigo ya moyo yanashuka. Kukosa hewa ndiko kunakoumiza ubongo, na chombo kimeletwa kumtoa humo. Sasa lawama inakiangukia chombo!

Wengine huona koleo, vile vyuma viwili vya kushikia kichwa cha mtoto na kumvuta, ni chombo cha kale. Ni kweli, familia ya Chamberlen ya Uingereza ililificha kama siri ya ukoo katika karne ya 17. Lakini bado linafaa, hata kwa mtoto njiti, japo humchana mama zaidi kuliko vakyumu.

"Si mngempasua mama tu?" Kichwa kikishazama kwenye nyonga, hata mpasuaji hupata kazi kukitoa, kizazi huweza kuchanika na damu ikamwagika nyingi.

Eti mama alikuwa mvivu wa kusukuma? Kichwa kilichokaa vibaya hakijali nguvu za mtu.

Wala kuvutiwa mtoto mara moja si hukumu ya uzazi unaofuata. Wengi hujifungua wenyewe. Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, dai iandikwe kwenye kadi yako: chombo gani kilitumika, na kwa nini.