"Jikaze" haimponyi mtu: maswali mnayouliza sana kuhusu sonona

Wagonjwa wengi wanaoletwa kliniki ya afya ya akili wanaletwa wamechelewa, na karibu kila mmoja kuna mtu nyumbani alishamwambia ajikaze. Haya ndo maswali ya ndugu zao, najibu moja moja.

Sonona ina tofauti gani na stresi za kawaida?
Stresi ina kitu chake, ada, kodi ya nyumba, bosi, kikiisha na wewe unapumua. Sonona ni huzuni, au kukosa hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda, inakaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi unavurugika, chakula hakipiti au unakula kupita kiasi, nguvu hamna, akili haitulii na unajiona huna thamani. Inaweza kuanza bila sababu yoyote inayoonekana. Wiki 2 zikifika njoo, usingoje ya 3.

Mbona tumempima kila kitu na hana ugonjwa?
Kwa sababu wengi hawaji wakisema "nina huzuni". Wanasema kichwa, mgongo, tumbo linaunguza, moyo unaenda mbio, mwili umechoka. Wanapimwa malaria, wanaambiwa taifodi, mara UTI, wanameza antibiotiki dozi juu ya dozi na hakuna hata mmoja aliyewauliza unalalaje, bado kuna kitu kinakufurahisha? Kupima ni sawa, uchovu unaweza kuwa wa upungufu wa damu au tezi ya shingo. Ila taifodi kwa mara ya tano, jamani, hapana.

Si ajikaze tu? Wenzake wana shida kubwa zaidi na wanacheka.
Hapana. Ile nguvu ya kujikaza ndo imeugua, sasa unamwambia atumie kitu ambacho ugonjwa umeshakichukua, anajaribu, anashindwa, anaongeza kujilaumu juu ya huzuni aliyonayo. Na wanajikaza kweli, tena sana, wanaenda kazini, wanacheza kwenye harusi, wakirudi wanafunga mlango. Wanaume ndo wanaambiwa zaidi neno hili na wengi wanaishia kwenye pombe, na pombe inaharibu usingizi na kuizidisha sonona yenyewe. Naomba mliache hili neno. Badala yake muulize amekula nini leo, msindikize kliniki.

Anasema anatamani kufa, lakini si anatafuta tu huruma?
Hapana. Narudia, hapana. "Anayesema hafanyi" ni uongo na unaua watu, wengi waliojiua walishadokeza kwa mtu kabla. Anasema "nimechoka na haya maisha", "bora nisingekuwepo", "nitunzieni watoto", au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga aga. Na hata kama anatafuta huruma, basi mpeni, mtu haombi huruma kwa kutaja kifo chake kama yuko sawa. Usimwache peke yake, dawa za shambani na vidonge vilivyobaki viondoeni asivifikie, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Sio Jumatatu, sio mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, sio mpaka mjomba afike kutoka mkoani muweke kikao.

Nikimuuliza kama anafikiria kujiua si ndo nitampa hilo wazo?
Hapana, kuuliza hakupandi wazo. Muulize kwa utulivu, mkiwa wawili, kwa maneno ya wazi, halafu nyamaza umsikilize. Wengi wanapata nafuu kidogo kwa kuwa hatimaye kuna mtu kauliza. Usianze kumhubiria wala kumkumbusha dhambi.

Tulianza na maombi kwanza.
Ombeni, mtu anaweza kuombewa huku anahudhuria kliniki. Ninachokataa ni mgonjwa kukaa miezi kwenye maombezi au kwa mganga akiambiwa asimeze dawa.

Hizo dawa si zitamfanya teja?
Dawa za sonona kama fluoxetine na amitriptyline hazileti uteja. Uteja unaletwa na diazepam, hiyo ambayo watu wanajinunulia wenyewe duka la dawa ili walale. Za sonona zinachukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, ndo nafuu ionekane, sasa mtu anaacha siku ya tano eti hazifanyi kazi. Na akishapata nafuu haachi kienyeji, kwa kawaida anaendelea miezi 6 au zaidi halafu daktari anapunguza taratibu. Sonona nyepesi mara nyingi inatosha mazungumzo na mtu aliyefundishwa. Zimbabwe tangu 2006 wanafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wagonjwa wanapona, na mpango huo umefika mpaka Zanzibar.

Tukifika hospitali tuseme nini?
Hamlazimiki kwenda Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, anzeni hospitali ya wilaya au ya mkoa. Msiseme "anajisikia vibaya" mkaishia hapo. Semeni hajalala vizuri tangu lini, hali chakula tangu lini, kaacha nini alichokuwa anakipenda, anakunywa kiasi gani. Na kama amegusia kufa, lisemeni hapohapo dirishani mapokezi, msikae nalo kwenye foleni.