Shamba ni la mtu, njia si yake

Wageni wengi wanaotembelea mashambani England huishia kwenye maegesho ya magari. Wakiona ua, geti na ng'ombe, wanahitimisha kwamba kuvuka hapo ni kujitafutia kesi. Wanakosea, ingawa si kabisa.

Ardhi kweli ina mwenyewe, lakini njia inayoikata inaweza kuwa ya umma. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia hizo. Mkulima haruhusiwi kuziziba. Akilima juu ya njia ya miguu, kwa kawaida anatakiwa airudishe ndani ya siku 14. Tafuta mshale kwenye nguzo: wa manjano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Penye ua utakuta vidato vya mbao vya kupandia. Geti liache ulivyolikuta, tafadhali.

Haki hii ni ya kupita tu, si ya kupiga kambi wala kuwasha moto. Kuiacha njia unaruhusiwa kwenye milima na nyika zilizofunguliwa kwa sheria ya mwaka 2000. Uhuru huo uligombewa: mwaka 1932 mamia walipanda mlima Kinder Scout bila ruhusa, na watano wakafungwa jela.

Hata Stonehenge, kwenye mduara wa mawe ya kale, tiketi ni ya kuyakaribia mawe. Ipo njia ya umma jirani, unayaona bila kulipa senti. Avebury, penye mduara mwingine wa mawe, ni bora zaidi, kwa maoni yangu: mawe unayagusa bure, gari ndilo linalolipiwa.