Gemu moja, kompyuta tano: tunavyokosea tukilinganisha matoleo ya zamani

Miaka ya 1980 gemu moja lilitolewa kwa kompyuta mbalimbali, na mabishano kuhusu toleo lipi bora huanza na picha zilizogandishwa, na hapo ndipo yanapoharibika. Gemu ni mwendo. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo mara nyingi.

"Commodore 64 ndiyo bora siku zote." Kwa magemu ya kupiga risasi huku mandhari yakisogea, mara nyingi nakubali. Mashine hiyo ya 1982 ina chipu ya VIC-II inayochora spraiti nane (vipicha vinavyosogea juu ya mandhari) bila kuichosha prosesa, na chipu ya SID yenye sauti tatu ambayo hadi leo watu wanaitungia muziki. Lakini chukua Chase H.Q. ya Ocean, ile ya polisi kumfukuza mhalifu kwa gari. Barabara inapinda, inapanda kilima, inachorwa upya kila mara, na spraiti nane hazitoshi kubeba kazi hiyo. Kwenye ZX Spectrum, kompyuta shindani, haina rangi nyingi, ila gari linakimbia kweli. Kwenye Commodore linajikongoja.

"Basi Spectrum ina kasi mara tatu na nusu, maana ni 3.5 MHz kwa 1." Hapana. MHz huhesabu mapigo ya saa ya prosesa, mamilioni kwa sekunde, si kazi inayofanyika. Amri fupi kabisa ya Z80, prosesa ya Spectrum, hula mapigo manne ya saa. Ya 6510, prosesa iliyomo kwenye Commodore, hula mawili.

"Amstrad CPC ni Spectrum iliyozubaa." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. CPC464 ilitoka 1984 ikiwa na rangi 27 za kuchagua, na katika Modi 0, mpangilio wake wa skrini wenye rangi nyingi zaidi, inaonyesha 16 kwa pamoja, bila ile kero ya Spectrum ya rangi mbili tu katika kila kisanduku cha piseli (nukta za picha) 8 kwa 8. Tatizo lilikuwa haraka ya wauzaji. Kwa kuwa zote mbili zinatumia Z80, msimbo (maandishi ya programu) wa Spectrum ulihamishwa karibu ulivyo. Hebu tupige hesabu: picha ya Spectrum, piseli 256 kwa 192, ni baiti 6,144, pamoja na 768 za rangi. Picha ya ukubwa huohuo kwenye CPC, kwa rangi nne, ni baiti 12,288. Prosesa ya aina ileile, mzigo maradufu. R-Type ya 1988, gemu la kupiga risasi kwa chombo cha angani, inaonyesha hilo: mtunzi wa programu Bob Pape aliiandikia Spectrum toleo la kupendeza lenye rangi tele, kisha msimbo ukasukumwa kwenye CPC, ukatoka mzito na uliopauka. Sasa fungua Gryzor ya CPC, gemu la askari anayekimbia akipiga risasi. Haijaribu kusogeza mandhari. Ukifika ukingoni skrini nzima inabadilika, na rangi zake zinang'aa. Mashine ni hiyohiyo.

"Amiga lazima iishinde Atari ST." Hizi ni kompyuta mbili zenye nguvu zaidi zilizofuata. Amiga huonyesha rangi 32 kwa kawaida na ST 16, lakini matoleo mengi ya Amiga yalinakiliwa kutoka ST yakabaki na 16. Na katika magemu ya maumbo ya 3D yanayoitegemea prosesa pekee, ST yenye 8 MHz inaweza kuitangulia kidogo Amiga yenye takriban 7.1.

"Nimejionea kwenye emuleta." Emuleta ni programu inayoiga kompyuta ya zamani, na mipangilio yake inaweza kukudanganya. Televisheni za Uingereza (mfumo wa PAL) zilichora picha 50 kwa sekunde, za Marekani (NTSC) 60, na magemu mengi husogeza muziki hatua moja kwa kila picha. Emuleta ikiwa kwenye NTSC, gemu kama hilo la Uingereza linakwenda haraka kwa asilimia 20, wimbo nao unakimbia. Ingia kwenye mipangilio, weka PAL, kisha cheza hatua ya kwanza hadi mwisho ndipo useme lipi zuri.