Sauli hakubadilishwa jina njiani kwenda Dameski

Wakristo wengi wamefundishwa kwamba Sauli wa Tarso alipoitwa na Bwana njiani kwenda Dameski alivuliwa jina lake na kupewa la Paulo. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi hivyo. Sauti iliyomwita ilisema, "Sauli, Sauli". Anania, mwanafunzi wa Yesu kule Dameski, aliyekuwa na kila sababu ya kumwogopa mtesi huyo wa waamini, alimwekea mikono akimwita "Ndugu Sauli". Na miaka kadhaa baadaye, kule Antiokia, Roho Mtakatifu aliagiza Barnaba na Sauli watengwe kwa kazi aliyowaitia. Ni katika sura ya 13, huko Kipro, mbele ya liwali Sergio Paulo, ndipo mwandishi anapotaja kwamba Sauli "ndiye Paulo", na inaelekea alikuwa na majina yote mawili tangu zamani, moja la Kiebrania na moja la Kirumi, kwa kuwa alizaliwa raia wa Rumi. Kilichompa nafasi miongoni mwa waamini ni kupokelewa: kwanza na Anania, kisha na Barnaba, aliyemtetea Yerusalemu wanafunzi walipokuwa bado hawamwamini.